Punje Mbili za Nyamwiza

Wiki mbili zilizopita binti wa jirani yangu alinionyesha video kwenye simu yake. Vijana wa kwaya ya kigango chetu kule Ihembe wamefufua tena mchezo wa Nyamwiza, safari hii kwa kinanda cha umeme, vipaza sauti na vitenge vya sare. Niliangalia mpaka mwisho. Walipofika pale ambapo Nyamwiza na Rugira wanaapiana, kijana alitoa pete mfukoni akamvisha msichana, na watu wakapiga vigelegele. Binti akaniuliza kama nimependa. Nikamwambia wamejitahidi, nikamrudishia simu, nikaingia ndani kuosha vyombo ambavyo nilikuwa nimeshaviosha.

Mchezo ule haukuwa na pete. Ulikuwa na tunda la kahawa. Waliojua habari yake wamekwisha kufa, tumebaki wachache, na katika hao wachache mimi ndiye niliyeharibu. Basi afadhali niseme mwenyewe.

Nyamwiza ulitungwa na padri mmoja mzungu zamani, bibi zetu wakiwa wasichana. Inasemekana alipenda muziki kuliko chakula. Ulikuwa mchezo wa kuimbwa mwanzo hadi mwisho, hata mtu akiomba maji aliyaomba kwa wimbo. Nyamwiza ni binti aliyeposwa na mzee mwenye ng'ombe wengi, lakini moyo wake uko kwa Rugira, mpagazi anayebeba kahawa kwenda ziwani. Rugira anaondoka, Nyamwiza anamngojea mvua tatu, na siku mzee anapofika na ng'ombe wake ndiyo siku Rugira naye anarudi. Wapenzi wanachoma vidole kwa mwiba, wanachuma tunda moja la kahawa, wanalikamua, punje mbili zinatoka. Wanazipaka damu. Huyu anameza moja, huyu nyingine. Mzee anaona haya, anarudi na ng'ombe wake, na harusi inaimbwa.

Hapo kwenye punje ndipo padri alipokosea. Aliwahi kuwaona wanaume wawili wakimeza hivyohivyo, akauliza maana yake, akajibiwa kwamba sasa hawa hawataachana mpaka kufa. Padri wa watu akafurahi, akaenda kuandika. Angeuliza swali moja zaidi angeambiwa kwamba ule ni omukago, undugu wa damu. Waliomeza wamekuwa watoto wa tumbo moja, kama punje zile zilivyolala pamoja ndani ya ganda moja, na ndugu wa omukago hawaoani. Wazee walikaa kwenye mabenchi wakamwona padri akiwafanya vijana wawili kuwa kaka na dada, kisha akiwafungisha ndoa. Wakadhani labda Ulaya ndivyo watu wanavyooana.

Nyamwiza wa kwanza kabisa alikuwa bibi yangu, mama yake baba.

Nilipokuwa darasa la tatu, kigango kilitaka kuadhimisha miaka ya kuanzishwa kwake na askofu alikuwa anakuja. Mwalimu wa kwaya, mtu wa Muleba, mpole, mwenye suruali zilizopigwa pasi mpaka zinakata, alikuta kwenye kabati la sakristia daftari lenye maneno ya Nyamwiza. Maneno yalikuwepo, ila sauti hazikuwepo. Aliyebaki duniani akizijua sauti ni bibi peke yake. Akaja nyumbani na kilo mbili za sukari, akapiga magoti.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Sukari ya nini? Nani amekufa?"

Alipomweleza, bibi alitafuna ufizi kwanza. Kisha akauliza nani atakuwa Nyamwiza. Mwalimu akasema mwenye sauti kuliko wote ni mjukuu wake mwenyewe, Kokuhirwa.

Huyo alikuwa dada yangu Koku. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mrefu, na akiimba hata watu waliokuwa njiani na mikungu ya ndizi vichwani walisimama. Rugira alikuwa Deusi, mwalimu kijana wa shule yetu ya msingi, ambaye posa yake kwa Koku ilikuwa imeshaletwa na kupokelewa. Kilichokuwa kimebaki ni kupanga siku ya harusi. Kwa hiyo watu wote walisema mchezo utanoga, maana hawataigiza kitu.

Mimi nilikuwa mmoja wa njiwa. Njiwa walikuwa watoto kumi na wawili wenye shuka nyeupe, waliotakiwa kuimba wimbo wa harusi. Siku ya tatu ya mazoezi Koku alimwambia mwalimu, mbele ya wote: "Huyu mdogo wangu afungue mdomo tu, asitoe sauti. Anatuharibia." Njiwa kumi na mmoja wakacheka. Alikuwa anasema kweli, sauti yangu mpaka leo haifai, lakini nilimchukia kwa moyo mzima, kama mtoto anavyoweza kuchukia, yaani bila kubakiza. Deusi ndiye aliyenifuata nyuma ya kanisa. Alinifundisha kupiga makofi ya mapigo matatu, akamwomba mwalimu anifanye njiwa wa makofi, na akaniita mdogo wangu. Sikuwa na kaka. Nyumbani kwetu tulizaliwa wasichana wanne, wawili wakafa wadogo, na baba alikuwa akiwahesabia wageni watoto wake kwa sauti ya chini. Nilitaka kaka kuliko nilivyotaka viatu.

Bibi alifundisha akiwa amekaa juu ya mkeka, mguu mmoja umenyooshwa, na fimbo ya mti wa mbuni mkononi. Ukikosea anakupiga kifundo cha mguu.

"Unaimba kama mtu anayeita mbuzi," alimwambia Koku. "Huyo mwanamume hayupo. Amekwenda na huenda amekufa huko. Imba kama mtu asiyeitwa na yeyote."

Koku aliimba tena. Bibi akampiga tena. Jioni vifundo vya Koku vilikuwa vimevimba, na mama akavikanda kwa maji ya moto bila kusema neno, maana katika nyumba ile hakuna aliyesema neno juu ya bibi.

Walipofika kwenye punje, mwalimu wa kwaya alikohoa.

"Bibi, hapa tungeweka leso. Rugira ampe Nyamwiza leso."

"Leso?"

"Watu wanajua maana ya kahawa, bibi. Na hawa wana posa kweli."

"Mimi nilimeza kahawa," bibi alisema. "Ukitaka leso, wimbo wa mwisho utautunga wewe."

Mwalimu alimtazama Koku, akamtazama Deusi, akatazama daftari. Askofu alikuwa anakuja baada ya wiki mbili. Akasema basi, ni mchezo tu. Bibi akasema ndiyo waitu, yaani ndiyo bwana, ni mchezo. Mwalimu alipotaja wino mwekundu badala ya damu, bibi akamwambia hata siku moja hajaona mtu akimeza wino, na hilo nalo likapita.

Siku hiyohiyo nilimuuliza bibi kitatokea nini wakimeza. Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua macho.

"Deusi atakuwa mwana wa nyumba hii."

"Kaka yangu?"

"Kaka yako kabisa. Atakula hapa. Ukipigwa na watoto wenzako atakuja kukutetea."

"Na Koku?"

"Koku atabaki kwetu. Kwani anaenda wapi?"

Nililala na furaha ile wiki nzima. Hata mahali pake pa kulala nilishapachagua, pembeni ya ghala, pale pasipovuja, nikapafagia na kutandika mkeka.

Asubuhi ya siku ya mchezo, kabla ya misa, Koku alinishika mkono akanipeleka shambani, kule nyuma kwenye migomba ambako matunda ya mibuni yalikuwa yameiva mekundu. Alitaka mtu wa kuangalia kama bibi anakuja. Akachuma tunda moja, akalikamua, akatupa punje moja na kubaki na nyingine. Akaenda kwenye mbuni mwingine, mbali kabisa, akafanya vilevile. Akanionyesha punje mbili kwenye kiganja, zikiteleza kwa ute wake.

"Unaona? Hizi hazijuani. Jukwaani nitaminya tunda na kulificha, nitampa Deusi hii. Damu bila tunda moja ni kidonda tu. Deusi anajua, na sasa unajua wewe. Ikitokea mtu akauliza, utasema ulichokiona."

Nikasema ndiyo.

"Apa."

Nikaapa. Alinibusu kwenye paji la uso, kitu ambacho hakuwa na kawaida ya kukifanya, na nakumbuka niliwaza kwamba amenibusu kwa sababu ana shida na mimi. Pia niliwaza kuhusu mahali pale nilipofagia, pembeni ya ghala. Niliwaza yote mawili kwa pamoja, siwezi kujitetea kwamba sikuelewa.

Mchezo ulifanyika mchana baada ya misa, jukwaa likiwa madawati ya shule yaliyofungwa kwa kamba. Watu walijaa mpaka madirishani. Bibi aliletwa akaketi mbele, karibu na askofu, amevaa vazi lake la gome la mti lililonukia samli. Koku alipoimba wimbo wa kungoja, *mvua ya kwanza imepita, njia haina nyayo*, nilimwona askofu akivua miwani. Kisha wakachomana vidole kwa mwiba wa mlimau. Damu ilionekana hadi mlangoni. Wakameza. Kwenye mabenchi ya wazee palipita mguno, wa chini na mrefu, na baba yake Deusi akasimama, akachukua kofia yake, akatoka nje. Sisi njiwa tukaingia kuimba harusi. Nilipiga makofi yangu ya mapigo matatu vizuri, sikukosea hata mara moja.

Siku ya pili baba yake Deusi alikuja nyumbani na wazee wawili na mwanawe. Leo najua kwamba mtu yule alikuwa anatafuta sababu. Kulikuwa na binti wa ofisa mmoja Kayanga ambaye alimpendeza zaidi, na sisi tulikuwa watu wa migomba tu. Lakini siku ile niliona mzee mwenye huzuni, anayekataa rubisi, pombe ya ndizi aliyopewa, na kukiweka kibuyu chini.

"Damu nimeiona kwa macho yangu," alisema. "Sasa nimekuja kuuliza, nimempata binti au nimempata mkwe? Maana vyote viwili siwezi kupata."

Baba alisema ule ulikuwa mchezo wa kanisa. Mzee mmoja akamjibu kwamba tumbo halijui kama kilichoingia ni cha mchezo. Koku akaitwa kutoka jikoni, akapiga magoti, akaeleza juu ya matunda mawili. Alieleza vizuri, bila kulia. Mzee akatikisa kichwa.

"Anayetaka kuolewa atasema nini kingine?"

Deusi naye akaeleza, akajibiwa vilevile kwamba anayetaka kuoa atasema nini kingine. Mama alikuwa amesimama nyuma ya mlango, nilikuwa naona kanga yake kwa chini.

"Mtoto alikuwa naye shambani asubuhi," bibi akasema kutoka kwenye mkeka wake. "Niliwaona wakitoka. Muulizeni mtoto. Mtoto hana posa."

Wakaniita. Nilisimama katikati ya chumba, mguu mmoja juu ya mwingine. Baba yake Deusi aliongea na mimi kwa upole sana, hajawahi mtu mzima kuongea na mimi kwa upole ule.

"Mwana wange, mtoto hadanganyi. Dada yako alichuma matunda mangapi?"

Niliangalia vidole vya Deusi, kimoja kilikuwa na kitambaa. Nikamwangalia Koku. Alikuwa ananitazama bila wasiwasi wowote, alishapumua tayari. Labda ndicho kilichonichoma, kwamba hakuwa na wasiwasi, kwamba nilikuwa njiwa wa kufungua mdomo tu. Au ni ule mkeka niliokwisha kuutandika ghalani. Nimeshika sababu hizi mbili mkononi miaka yote na sijui ipi nzito.

"Moja," nikasema.

Koku alisema, "Huyu mtoto anadanganya."

Baba akainuka akampiga kofi, kwa sababu alikuwa amemwita mtoto mwongo mbele ya wageni. Lilikuwa kofi la nguvu, akaanguka, akajizuia kwa mkono. Deusi alitaka kwenda kumwinua, baba yake akamshika shati. Wazee wakachukua fimbo zao. Walipokuwa wanatoka, Deusi alisimama mlangoni, akatazama dada yangu pale chini, na usoni mwake nikaona kwamba hana hakika tena. Hakuwa ameona matunda yale. Alichokuwa nacho ni neno la Koku, na sasa palikuwa na neno lingine.

Jioni, kabla jua halijazama, nilikwenda kusimama barabarani kumsubiri aje na vitu vyake. Nilisimama mpaka mama akanifuata. Nilimuuliza kaka anakuja lini. Mama alinitazama, akaelewa, na badala ya kunipiga akakaa chini palepale kwenye majani akafunika uso.

Ndani, Koku alikuwa anamuuliza bibi kwa nini. Ndiyo siku pekee niliyosikia mtu akimuuliza bibi jambo.

"Mimi nilimeza ya kweli," bibi alisema. "Nilikuwa mdogo kuliko wewe. Padri akanipigia makofi, na mwanamume wangu akaanza kuniita dada. Hakuna aliyekuja kuuliza matunda mangapi. Wewe umeulizwa, shukuru."

Akaomba maji ya kunywa. Koku akamletea.

Bibi aliishi miaka mingine minne. Sijui kama alijua ukweli, sikumwuliza, naye hakuniambia chochote zaidi ya kunipa siku moja kipande kikubwa cha nyama kutoka kwenye sahani yake. Nilikila. Deusi alihamishiwa shule ya mbali na akaoa binti wa Kayanga. Tulikutana naye mara moja mnadani, akanisalimia kwa jina langu kamili, kama mwalimu anavyomsalimia mwanafunzi. Koku alikaa nyumbani mvua tatu, watu wakaanza kumwita Nyamwiza bila kucheka, halafu akaolewa na mfanyabiashara wa Murongo, kule mpakani, aliyefiwa na mke, mtu wa kelele, mwenye watoto watano. Hakuimba tena kanisani. Mama alipotaka kumsema kwa hilo, alijibu kwamba pale mpakani vumbi la magari limemkausha koo.

Kwangu hakuwa mbaya. Hilo ndilo nililoshindwa kulizoea. Alinitumia daftari, sabuni, gauni la kipaimara. Nilingoja anitukane, nikangoja hata anipige, nikamfanyia ukorofi ili nimpe nafasi. Alikuwa akiniambia, "Haya, kula." Nilipokuwa kidato cha pili nilimwandikia barua kumwomba msamaha. Alijibu akiuliza kama nimepokea viatu.

Kisha zamu yangu ikafika. Watu wa Bugene walileta posa, na kama ilivyo kwetu, wakatuma wanawake wawili watu wazima kuja kuuliza habari za msichana kwa watu wa nyumbani kwake. Mama alikuwa ameshafariki, kwa hiyo wa kujibu alikuwa dada mkubwa. Koku alipanda bodaboda kutoka Murongo tangu asubuhi, akafika na vumbi mpaka kwenye nyusi, akanawa, akakaa nao. Nilikuwa nampenda yule mwanamume. Nilipika ndizi za wageni huku nikijua kwamba kama atanilipa, atanilipa leo, na nikaona ni haki yake.

Niliingia na sinia, nikapiga magoti. Mmoja wa wale wanawake alikuwa anamuuliza kuhusu tabia yangu. Kama nina heshima, kama ni mchapakazi, kama neno langu linaaminika.

Koku alinitazama usoni, mara ya kwanza tangu siku ile ya wazee.

"Neno lake?" alisema. "Huyu mdogo wangu hadanganyi. Tangu akiwa darasa la tatu, akisema jambo, wazee wanalifuata."

Wale wanawake wakatazamana, wakafurahi. Mmoja akasema msichana wa namna hiyo ndiye waliyekuwa wanamtafuta. Koku akaninyooshea mkono kunisaidia kuinuka, akanisukumia mtungi wa maji kwa mguu, na akaniambia niwanawishe wageni, chakula kisipoe.